Kujifunza Linux mtaani Donholm: Kikundi cha majirani hufaa kuliko kujisomea

MNAMO Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa watumiaji wa Windows 10. Kwa ofisi kubwa za katikati ya jiji, hilo lilikuwa jambo la idara ya teknolojia kushughulikia. Kwa mkazi wa Donholm aliyenunua kipakatalishi cha mtumba kilichotoka Ulaya, ni jambo la mfukoni mwake mwenyewe.

Sababu ni kwamba Windows 11, mfumo uliorithi nafasi hiyo, hauzikubali kompyuta nyingi za zamani. Kwa mashine za Intel, unadai prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, pamoja na kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Vipakatalishi vya HP EliteBook 840 G3, Lenovo ThinkPad T460 na Dell Latitude E7470, ambavyo ni vya kawaida katika biashara ya mitumba jijini Nairobi, viliingia sokoni yapata mwaka 2016 vikiwa na prosesa za kizazi cha sita. Havina ubovu wowote, ila vimefungiwa mlango. Microsoft iliwapa waliojisajili mwaka mmoja wa nyongeza, ambao ukomo wake ni Oktoba 13, 2026.

Mwenye mashine ya aina hiyo ana njia nne mbele yake. Anaweza kuendelea na Windows 10 bila kinga, jambo ambalo ni hatari kwa mtu anayeingia katika akaunti ya benki kwa kompyuta hiyo hiyo. Anaweza kununua kompyuta nyingine. Anaweza kumpa fundi ailazimishe Windows 11 iingie kwa mlango wa nyuma, bila idhini wala dhamana ya mwenye mfumo. Au anaweza kusakinisha Linux, mfumo endeshi usiouzwa, na ambao hutimiza kazi nyingi za kila siku katika mashine hizo hizo bila kulalamika.

Njia hii ya nne ndiyo inayozungumziwa hapa, na hasa swali ambalo vitabu vya kompyuta hulipita kwa haraka: nani atamshika mkono anayeanza? Rai ya mwandishi huyu ni kwamba kinachowashinda wengi si Linux yenyewe bali upweke. Mtu husakinisha mfumo Jumamosi jioni peke yake, Wi-Fi ikakataa, na kufikia Jumapili mchana amekwisha kumrudia fundi wa mtaani amfomatie upya. Kama angalikuwa na mwenzake aliyewahi kuliona tatizo hilo, lingalikwisha kwa dakika kumi.

Linux ni nini hasa

Mnamo Agosti 25, 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliutangazia ulimwengu kwamba alikuwa akiandika mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu. Alichokiandika ni kiini, yaani ile sehemu ya ndani inayozungumza na prosesa, diski na kibodi. Sehemu nyingine nyingi zilizohitajika zilikuwa tayari zimeandikwa chini ya mradi wa GNU, ulioanzishwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983. Ndiyo maana wapo wanaosisitiza kwamba jina kamili ni GNU/Linux. Wana hoja, ingawa lugha ya mtaani imekwisha kuamua vinginevyo.

Jambo lililoupa mfumo huu nguvu si ufundi pekee bali leseni yake. Leseni ya GNU inamruhusu kila mtu kuitumia programu, kuichunguza ilivyoandikwa, kuibadilisha, na kuwagawia wengine nakala. Kwa Kiswahili, programu za namna hii zimeitwa programu huria. Tafsiri hii ni nzuri kuliko 'programu za bure', kwa kuwa hoja kuu ni uhuru wa mtumiaji. Kutolipa ni tokeo tu.

Katika mazingira ya Eastlands, uhuru huo una maana ya wazi kabisa. Fundi anayekunakilia Windows au Microsoft Office iliyovunjwa kufuli anakiuka Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, nawe unayepokea umo hatarini pia, kwa sababu programu zilizovunjwa kufuli aghalabu huja na virusi ndani yake. Lakini ukinakili Linux Mint kwenye flashi na kumpa jirani, naye akawapa jirani zake watano, hakuna aliyeibiwa. Mfumo wenyewe unakuruhusu kufanya hivyo.

Wengi wa wakazi wa Donholm, kwa kweli, wamekuwa wakiutumia mfumo huu kwa miaka bila kujua. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Wasomaji wengine wataikumbuka simu ya IDEOS ya kampuni ya Huawei, iliyoletwa nchini na Safaricom mwaka 2011 kwa bei ya takriban Sh8,000, ikawa simu ya kisasa ya kwanza kwa Wakenya wengi. Ndani yake mlikuwa na kiini cha Linux.

Desturi ya vikundi

Vikundi vya watumiaji ni vya zamani karibu kama mfumo wenyewe. Kile cha bonde la Silicon, Marekani, kilianza mwaka 1988 kama kikundi cha watu waliotumia mifumo ya Unix kwenye kompyuta ndogo, miaka mitatu kabla ya Torvalds kutangaza kazi yake. Katika miaka ya 1990 vikundi hivi vilienea Ulaya na Marekani. Desturi yao kuu ilikuwa moja: siku maalumu ya usakinishaji, ambapo wanagenzi walibeba kompyuta zao hadi ukumbini, wakati huo zikiwa mizigo mizito yenye skrini kubwa, na wazoefu wakawasaidia hadi mashine ziwake.

Afrika Mashariki haikubaki nyuma sana. Wakfu wa programu huria barani Afrika, FOSSFA, ulianzishwa mwaka 2003, na kongamano lake la pili la Idlelo liliandaliwa hapa Nairobi Februari 2006. Mjini Dar es Salaam, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na washauri kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004: programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Humu Nairobi, kulikuwa na kundi la Ubuntu Kenya na baadaye, katika miaka ya 2010, kikundi kilichojiita Nairobi GNU/Linux Users Group.

Wakati huo Ubuntu, toleo la Linux lililoanzishwa na Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth na kutolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, lilikuwa likituma CD kwa posta kwa yeyote aliyeomba, popote duniani, bila malipo. Huduma hiyo ilisitishwa mwaka 2011. Hapa sina budi kuchepuka kidogo. Neno 'ubuntu' la lugha za Kinguni na neno letu 'utu' ni ndugu wa damu: shina ni lile lile, ila Kiswahili kimedondosha sauti kadhaa njiani. Kwa hiyo Mswahili anayesikia jina hilo na kudhani ni la kigeni anashangaa jina la binamu yake.

Kwa mwanagenzi wa Donholm, hata hivyo, historia hiyo yote ilikuwa na kasoro moja ya kijiografia. Shughuli nyingi za teknolojia jijini zilielekea magharibi. Kituo cha iHub kilipofunguliwa Machi 2010, kilikuwa Barabara ya Ngong. Kutoka Donholm, hiyo ni matatu moja hadi mjini kupitia Barabara ya Jogoo, kisha nyingine ya kutoka mjini, halafu safari hiyo hiyo ya kurudi jioni ukiwa umebeba kipakatalishi begani. Nauli mara nne, na wasiwasi wa wezi juu yake. Mtu hufanya hivyo mara moja kwa ajili ya mkutano mkubwa. Hafanyi hivyo kila baada ya wiki mbili kwa sababu printa yake imekataa kuchapisha.

Kikundi kinachofaa anayeanza ni kile anachoweza kukifikia kwa miguu, au kwa matatu moja. Hakihitaji ofisi, katiba wala mwenyekiti. Chatosha kuwa na watu watatu au wanne waliokwisha kuitumia Linux kwa angalau mwaka mmoja, mahali penye meza na stima, na siku inayojulikana. Wanafunzi wa vyuo wanaosomea kompyuta wamejaa Donholm, Savannah, Umoja na Buruburu, na wengi wao wanalazimika kujifunza Linux masomoni. Ukumbi wa kanisa, chumba cha mikutano cha chama cha wakazi au saiba isiyo na wateja asubuhi ya Jumapili vinaweza kufaa. Kando ya ukanda wa Barabara ya Jogoo zipo pia maktaba za umma za Kaloleni na Makadara, ambazo zilikarabatiwa kwa ushirikiano wa shirika la Book Bunk lililoanzishwa mwaka 2017. Wenye nia wawaendee wasimamizi mapema kuuliza kama wanaruhusu mikutano ya namna hiyo.

Kabla ya siku ya kwanza

Kazi ya kupakua mfumo kutoka intaneti ifanywe na mtu mmoja kwa niaba ya wote. Faili ya Linux Mint ina ukubwa wa takriban gigabaiti 3, na ile ya Ubuntu 24.04 inakaribia gigabaiti 6. Wanagenzi kumi wakipakua Mint kila mmoja kwa bando la simu yake, hizo ni gigabaiti 30 zilizoteketea bila sababu. Mwenye intaneti ya nyumbani apakue mara moja, ahakikishe kwamba faili haikuharibika njiani kwa kulinganisha alama yake ya uhakiki na ile iliyochapishwa na watengenezaji, kisha aiandike kwenye flashi kwa kutumia programu kama Rufus, balenaEtcher au Ventoy. Flashi ya gigabaiti 8 inatosha.

Toleo gani? Hapa wazoefu huweza kubishana hadi magharibi, nao wanagenzi wakaondoka wamechanganyikiwa. Kikundi kichague toleo moja na kushikamana nalo kwa wote. Linux Mint, lililoanza mwaka 2006, ni chaguo la busara kwa aliyezoea Windows, kwani menyu yake iko pembeni chini pale pale alipoizoea. Linahitaji ramu ya gigabaiti 2 kwa uchache, ingawa 4 ndizo za kuridhisha. Mashine dhaifu zaidi zipewe Lubuntu au Xubuntu. Kikundi kizima kikitumia toleo moja, jibu lililompata mmoja huwafaa wote.

Mwenye kompyuta naye ana kazi yake nyumbani. Anakili picha, vyeti, wasifu-kazi na hesabu za biashara kwenye diski ya nje au flashi nyingine, kisha afungue nakala hizo katika kompyuta tofauti ahakikishe zinasomeka. Jambo hili lisichukuliwe kimzaha. Usakinishaji usio makini hufuta diski nzima kwa kubofya mara moja, na hakuna kikundi kinachoweza kurejesha picha za mazishi ya babu. Ikiwa Windows iliyomo imeifunga diski kwa BitLocker, auandike ufunguo wa kuirejesha kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote.

Vipakatalishi vya mitumba vina hila nyingine mbili. Kwanza, vingine viliuzwa na makampuni ya ng'ambo huku ukurasa wa ndani wa mipangilio, BIOS, ungali umefungwa kwa nywila ambayo hakuna anayeijua. Mashine kama hiyo huenda ikakataa kuwaka kutoka kwenye flashi. Afadhali jambo hili lijulikane kabla ya siku ya mkutano. Na anayenunua leo amwombe muuzaji amfungulie ukurasa huo mbele ya macho yake kabla ya kutoa pesa. Pili, betri nyingi zimechoka. Stima ikipotea katikati ya usakinishaji na betri haidumu hata dakika tano, mashine huachwa bila mfumo wa zamani wala mpya.

Siku yenyewe

Hatua ya kwanza si kusakinisha. Linux ina neema ambayo wanaoanza hawaitarajii: huweza kuwaka na kufanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kubadilisha kitu chochote katika diski. Flashi huchomekwa, mashine huwashwa huku kitufe cha kuchagua chanzo kikibonyezwa, aghalabu F9 katika HP na F12 katika Dell na Lenovo, na baada ya dakika chache skrini ya Mint hutokea.

Hapo mwanagenzi apewe nusu saa ya kuzungukazunguka. Je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kamera inaonyesha? Printa ya nyumbani, ikiwa ameibeba, inatambuliwa? Zaidi ya yote, je, ameridhika na anachokiona? Akisema hapana, flashi inachomolewa, mashine inazimwa, na Windows yake inamngoja kama alivyoiacha. Hakuna haya katika hilo.

Tatizo la kawaida ni Wi-Fi, hususan mashine zenye kidude cha kampuni ya Broadcom, ambacho huhitaji programu ya ziada kutoka intaneti. Mwanagenzi aliye peke yake hukwama hapo: anahitaji intaneti ili apate intaneti. Mzoefu anajua kwamba simu ya Android ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa bando lake, Linux huitambua mara moja na programu inayokosekana hupakuliwa kwa njia hiyo.

Akiamua kusakinisha, swali ni kama aiondoe Windows kabisa au aiweke mifumo miwili kando kwa kando. Penye nafasi ya kutosha, miwili kando kwa kando kwa mwezi wa kwanza ni bora, hata kama wapenzi wa Linux watanuna. Mtu aliye na njia ya kurudi hujifunza kwa utulivu. Lakini diski ya gigabaiti 128 iliyokwisha kujaa haina nafasi ya wapangaji wawili, na kulazimisha kutaleta taabu wiki ya pili.

Kuna kanuni moja ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayotenganisha kikundi kinachofundisha na kikundi kinachotengeneza tu kompyuta za watu: kibodi ibaki mikononi mwa mwenye mashine. Mzoefu akae kando, aongee, aonyeshe kwa kidole, anyamaze mwanagenzi akitafuta herufi. Kijana mwepesi huona uvivu mtupu kumngoja mama wa makamo aandike amri ya herufi ishirini ilhali yeye angaliimaliza kwa sekunde tatu. Lakini akimnyang'anya kibodi, mama huyo ataondoka na kompyuta inayofanya kazi na kichwa kisicho na jipya. Tatizo lile lile likitokea nyumbani Jumanne, atapiga simu. Akiandika mwenyewe, hata kwa kukosea mara nne, Jumanne hiyo atajaribu kwanza.

Dirisha jeusi

Siku hizi mtu anaweza kuitumia Linux miezi kadhaa bila kufungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Hata hivyo, kikundi kisiiogope, kwa kuwa ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kusaidiana. Kumweleza mtu kwa simu abofye wapi katika menyu ni kazi ngumu. Kumtumia mstari mmoja wa amri ni rahisi.

Amri za kuanzia hazizidi kumi. pwd hukwambia uko wapi, ls huorodhesha vilivyomo, na cd hukuhamisha hadi folda nyingine. mkdir hutengeneza folda, cp hunakili, mv huhamisha au hubadilisha jina. Amri ya man, ikifuatwa na jina la amri nyingine, hufungua maelezo yake kamili. Kusasisha mfumo mzima katika Mint na Ubuntu ni amri mbili, sudo apt update kisha sudo apt upgrade, na zinasasisha programu zote kwa mkupuo, si mfumo peke yake.

Mambo matatu huwatatiza karibu wote wanaoanza. Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo faili 'Ripoti' na faili 'ripoti' ni mbili tofauti. Katika matoleo mengi, nywila ikiandikwa kwenye terminali hakuna kinachoonekana, hata vinyota. Mtu hudhani kibodi imekufa, kumbe inapokea. Mint yenyewe huonyesha vinyota, ila anayehamia Debian atashtuka. La tatu ni zito zaidi: amri ya rm hufuta bila kupitia pipa la taka. Kilichofutwa kwa rm kimekwenda.

Neno sudo nalo lastahili somo lake peke yake. Linampa mtumiaji mamlaka ya msimamizi mkuu kwa amri inayofuata, mamlaka ya kusakinisha, kubadilisha na hata kubomoa mfumo mzima. Mwanagenzi azoeshwe tangu siku ya kwanza kwamba amri yoyote yenye sudo aliyoiokota intaneti haiandikwi kabla ya kujua kila neno lake linafanya nini. Wapo watu wenye dhihaka mbaya ambao hupachika amri za kufuta diski na kuzipa sura ya msaada.

Namna ya kuuliza

Kikundi hukutana mara mbili kwa mwezi, bali kompyuta hukwama siku yoyote. Ndiyo sababu wanachama huanzisha kundi la WhatsApp, na ndiyo sababu makundi hayo huchosha upesi. Ujumbe 'Bosi, mashine imekataa' haujibiki. Anayeusoma yuko kwenye matatu, hajui ni mashine gani wala imekataa nini.

Swali linalojibika lina mambo manne: ulikuwa ukifanya nini, ulitarajia nini, kilitokea nini, na mashine iliandika maneno gani hasa. Mathalan: 'Hamjambo. Nina EliteBook 840 G3 yenye Mint. Nimejaribu kusakinisha VLC kwa terminali, ikaandika maneno haya, picha nimeiweka hapa chini. Jana VLC haikuwapo kabisa. Nifanyeje?' Mtu wa pili atajibiwa kabla matatu haijafika Makadara. Tena, aliyezoea kulipanga swali hivyo hugundua mara kwa mara kwamba jibu limejitokeza akiwa katikati ya kuliandika.

Suala la lugha halikwepeki. Ujumbe wa mashine huja kwa Kiingereza, na amri zenyewe ni vifupisho vya Kiingereza. Kiswahili kimo katika programu kadhaa, ikiwemo LibreOffice, mrithi wa OpenOffice tangu 2010, ingawa tafsiri si kamili. Istilahi nazo hazijatulia: wapo wanaosema tarakilishi na wapo wanaosema kompyuta, wengine puku na wengine kipanya. Nisingependa kikundi kipoteze alasiri kikiamua lipi ni sanifu. Lenye manufaa ni kueleza dhana kwa Kiswahili, kisha kuiacha amri ilivyo. Aliyeelezwa kwamba folda zimepangwa kama mti uliopinduliwa, shina likiwa juu na matawi yakishuka chini, anajua cd inampeleka wapi bila kujua ni kifupi cha nini.

Asiyefaa kuhama

Uaminifu unadai kusema pia kwamba Linux haimfai kila mtu. Mwenye duka anayeweka hesabu zake katika QuickBooks ya kusakinishwa kwenye kompyuta hataipata katika Linux. Mchoraji anayeishi kwa Photoshop vivyo hivyo. GIMP na Krita ni programu nzuri, lakini mteja anayetuma faili za Photoshop hatangoja ujifunze. Faili za Excel zenye makro aghalabu hukwama katika LibreOffice, basi anayezitegemea kazini azijaribu kwanza kwa flashi. Mwanafunzi atakayetahiniwa kwa programu za Microsoft azizoee programu hizo.

Kwa huduma zinazopitia kivinjari, kama eCitizen, baruapepe na benki za mtandaoni, tofauti ni ndogo, kwa sababu Firefox na Chrome zipo kwenye Linux. LibreOffice hufungua faili za Word, ingawa mpangilio huweza kusogea, jedwali likavuka ukurasa au maandishi yakabadilika umbo. Anayetafuta kazi atume wasifu-kazi wake kwa umbo la PDF.

Kwa vijana, kuna faida inayozidi kuiokoa kompyuta ya zamani. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi duniani katika orodha ya TOP500 zinaendeshwa na Linux, na seva nyingi za intaneti vilevile. Anayeajiriwa kuzisimamia hulazimika kuyajua yale yale anayoyaanza kwenye EliteBook ya mtumba. Taasisi ya Linux Professional Institute, iliyoanzishwa Canada mwaka 1999, hutahini ngazi ya mwanzo iitwayo Linux Essentials, na juu yake LPIC-1 yenye mitihani miwili. Linux Foundation nayo ina kozi ya utangulizi, LFS101, inayosomwa mtandaoni bila malipo tangu 2014. Kozi hiyo ni ndefu, na wengi wanaoianza peke yao huiachia njiani. Watu sita wanaosoma sura moja kila wiki mbili na kuijadili mezani wana nafasi nzuri zaidi ya kuifikisha mwisho.

Jambo la mwisho ambalo kikundi kinapaswa kuwa nalo ni daftari, la karatasi au la kielektroniki, lenye safu tatu: aina ya mashine, tatizo lililotokea, na dawa iliyofaa. Baada ya mikutano sita daftari hilo litakuwa na mashine zinazopatikana Donholm hasa, na matatizo yake hasa, jambo ambalo hakuna kitabu kinacholitoa. Aliyesakinishiwa mwezi uliopita apewe kalamu ajaze kurasa za leo, na mgeni atakayeingia akiwa na ThinkPad T460 iliyokosa sauti aelekezwe kwake kwanza.